Pumzi ya Mwenye Kupiga Mbio: Je, ni kwa Pua au kwa Kinywa?



Katika ukurasa huu wa afya ya nyumbani twataka mwezi huu kunena habari ya pumzi ya mtu apigaye mbio. Wazazi na walimu wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hata mwaka 2012, hutuuliza neno hili kila mara michezo ya shule inapokaribia, nao hawapatani. Wako wasemao ya kuwa mtoto akimbiaye huku kinywa chake ki wazi hana adabu, tena atapatwa na ugonjwa wa kifua. Kwa hiyo humwamuru afumbe midomo, na wengine humtia funda la maji kinywani asipate kufumbua. Wako na wasemao ya kuwa pua ni ya kunusia tu, na mkimbiaji sharti avute kwa kinywa tangu hatua ya kwanza hata ya mwisho. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimeshika nusu ya kweli, na ya kuwa wale wa funda la maji wamo katika hatari kubwa kuliko wenzao. Tutaeleza sababu.

Kwanza tuondoe jambo moja lisilo la uganga. Wako ndugu ambao hutoa hoja katika kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, kwamba pumzi ya kwanza ya Adamu iliingia kwa njia ya pua, wakaifanya habari hiyo kuwa sheria ya wakimbiaji. Hiyo ni habari ya kuumbwa kwa mtu, wala si kanuni ya uwanja wa michezo. Mtume Paulo mwenyewe alipowaandikia Wakorintho alitaja mbio na taji na kujizuia, lakini habari ya pua hakuigusa kabisa. Yeye aliyeumba pua ndiye aliyeumba na kinywa, naye aliviunganisha vyote viwili na koo moja.

Basi tuitazame pua. Watu wengi hudhani ni tundu mbili tu zilizonyoka kwenda nyuma. Sivyo. Ndani yake mna nyama laini zilizojikunja, zenye damu nyingi na zenye unyevu daima, hata hewa ipitayo hapo hulazimika kuzunguka na kugusa pande zote. Kwa kuzunguka hivyo hupata joto, ikawa karibu na joto la mwili. Hupata na unyevu. Na vumbi lake hunaswa na vinyweleo na kamasi. Kamasi hiyo haikai mahali pamoja. Vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, huisukuma polepole kwenda kooni, tukaimeza bila kujua. Tena tundu mbili za pua hazifanyi kazi sawasawa kwa wakati mmoja: moja hufunguka zaidi huku nyingine ikipumzika, na baada ya saa kadha wa kadha hubadilishana zamu. Mganga wa Kijerumani, Richard Kayser, aliandika habari hiyo mwaka 1895. Na mwaka 1995 wataalamu wa Stockholm walionyesha kwamba katika vishimo vya mifupa ya uso, kando ya pua, hutengenezwa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo mtu akivuta kwa pua hushuka pamoja na hewa hata mapafuni, na huko husaidia mishipa midogo ya damu kupanuka.

Kinywa hakina vyombo hivi. Hewa ipitayo kinywani hufika kooni ikiwa kavu na baridi zaidi, na vumbi lake lote pamoja nayo. Kwa hiyo mtu aliyeketi, au alalaye, au atembeaye polepole, njia yake njema ni pua, wala hapo hatuna shaka.

Lakini sasa yaja hesabu, na hesabu ndiyo ikatayo shauri hili. Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kama lita 6 hata 8 kwa dakika moja. Akianza kukimbia, mwili wake wataka zaidi na zaidi, maana misuli hutumia oksijeni nyingi, nayo hutoa hewa ya kaboni ambayo sharti itolewe nje upesi. (Na hiyo hewa ya kaboni, zaidi ya ukosefu wa oksijeni, ndiyo imfanyayo mtu aone haja ya kuhema.) Wengi wakifika kama lita 35 hata 40 kwa dakika, kinywa hufunguka chenyewe bila wao kukusudia. Kwa nini? Kwa sababu pua ni njia nyembamba. Hata tukiwa tumetulia, karibu nusu ya taabu yote ya kuipitisha hewa hata mapafuni iko puani. Na mtu akimbiaye kwa nguvu zake zote huhitaji lita 100 na zaidi. Mwanamume aliyezoezwa sana hupita 150. Kuzilazimisha lita hizo zote zipite puani ni kama kuwaamuru watu wote watoke kanisani baada ya ibada kwa dirisha, na hali mlango u wazi. Wala mtu ahemaye kwa nguvu haifungi pua yake; hutumia njia zote mbili pamoja. Kwa hiyo lile swali, pua au kinywa, limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Na sisi wa milima hii tunayo sababu ya kuhema zaidi ya watu wa pwani. Sehemu kubwa ya milima yetu iko kati ya mita 1,500 na 1,800 juu ya bahari. Katika mita 1,600 uzito wa hewa ni kama sehemu 82 tu katika 100 za ule wa Dar es Salaam au Tanga. Oksijeni ni fungu lilelile la hewa, yaani kama sehemu 21 katika 100, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, na kila pumzi hubeba pungufu. Mwili uliozaliwa hapa umekwisha kuzoea, lakini mgeni atokaye pwani akapanda mlima wa Kayanga huona mara moja kwamba kifua chake kina kazi. Wazee watakumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico City mwaka 1968, mahali palipo juu kama mita 2,240. Misuli ilimkaza, akaanguka na kuumia goti, naye akaendelea hata mwisho, wa 57, jua likiwa limekwisha kuchwa. Si kwa kinywa wala kwa pua alishindwa. Ni hewa ya mahali pale iliyowatesa wengi siku ile.

Twaweza kwenda nyuma zaidi, hata Bweranyange. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861, wajumbe wa mfalme walitangulia kwenda Buganda kumpasha Mutesa habari za wageni. Ni njia ya vilima na vinamasi, nao walikwenda kwa miguu. Hakuna aliyeandika kama walifumba vinywa.

Lakini katika miaka ileile ya 1860 Mmarekani mmoja, George Catlin, mchoraji wa picha aliyekaa sana na wenyeji asilia wa Amerika, alitoa kitabu kizima cha kuwaonya watu wasivute kwa kinywa, hasa usingizini. Alikuwa na maneno mema, akayachanganya na mengi yaliyopita kiasi. Leo vijana wetu huyasoma maneno kama yale katika simu zao, wengine wakishauriwa hata kujibandika gundi midomoni wakati wa kulala. Wasifanye hivyo, na mtoto asifanyiwe kamwe: akishikwa na mafua usiku au akitapika, atatokaje? Habari ya kweli iliyo nyuma ya maneno hayo ni ndogo. Uchunguzi mmoja wa Colorado, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapima wakimbiaji 10 waliokuwa wamejizoeza kwa miezi 6 na zaidi kukimbia kwa pua peke yake. Nao walifikia kipimo kilekile cha nguvu, huku wakivuta hewa pungufu kuliko walipotumia kinywa. Ni jambo la kufikiriwa. Lakini hao walikuwa watu wazima, wenye afya, wachache, tena waliojizoeza kwa hiari yao kwa muda mrefu. Mwalimu hawezi kulichukua neno hilo Jumatatu na kumlazimisha nalo mtoto wa darasa la nne siku ya Jumanne.

Atakaye ushuhuda wa macho, na atazame picha za wakimbiaji wakubwa wa nchi yo yote wanapokaribia utepe: vinywa vi wazi. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Felix Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda uleule. Ikabidi picha itazamwe ili kuwatenga. Katika hatua zile za mwisho hapana nafasi ya kufikiri habari za adabu ya midomo.

Basi wapi pua yafaa kwa mkimbiaji? Yafaa mwanzoni, wakati wa kuupasha mwili moto. Yafaa katika mbio za polepole. Yafaa asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Tena yafaa sana wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hata wa nane, wakati gari moja likipita katika barabara ya udongo huliacha wingu jekundu nyuma yake, na wanafunzi wamo ndani ya wingu hilo. Hapo afadhali mtoto apunguze mwendo, afumbe kinywa, avute kwa pua hata vumbi lishuke, ndipo aongeze tena. Na mwalimu aliye na hiari ya kuchagua asiwafanyishe watoto mazoezi kando ya barabara saa za magari.

Iko na njia nyepesi ya kupima, isiyohitaji saa wala chombo. Mwambieni mkimbiaji aseme maneno kumi mfululizo, au aimbe. Akiweza kuimba, mwendo wake ni mdogo, na pua pengine inamtosha. Akiweza kusema lakini hawezi kuimba, mwendo ni wa kadiri. Akitoa neno moja moja tu, amefika pale ambapo kinywa lazima kiwe wazi, na kumfumba ni kumnyima hewa. Kina mama walijua hayo kabla ya walimu: apandaye kutoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani huanza na mazungumzo, kisha hujibu kwa neno moja, kisha kwa kuguna. Hakuna amlaumuye.

Sasa twafika neno lililotufanya tuandike. Mtoto ahemaye upesi kuliko wenzake, kinywa wazi, akabaki nyuma, mara nyingi huitwa mvivu, na pengine huchapwa. Tafadhalini, wazazi na walimu, kabla ya neno hilo kutoka mtazameni kwanza.

Huenda ana pumu. Pumu ya namna hii haionekani mtoto akiwa ameketi. Akikimbia, hewa nyingi iliyo kavu na baridi hukausha njia za mapafu, nazo hukaza na kuwa nyembamba. Na mara nyingi taabu huzidi dakika 5 hata 15 baada ya mbio kwisha, wakati mwalimu amekwisha kuwageukia wengine. Alama zake ni kikohozi, kifua kulia kama filimbi, na kukaza kwa kifua. Kwa mtoto huyu pua ni rafiki kweli katika mwendo mdogo, kwa kuwa huipasha hewa moto na kuitia unyevu. Na kuanza polepole kwa dakika 10 au zaidi humpunguzia taabu. Lakini kumfumba kinywa wakati pumzi imekwisha kumpungukia ni kumweka karibu na kifo. Asimamishwe, aketi akiinamia mbele, apewe dawa yake ya kuvuta kama anayo, na isipotulia apelekwe hospitali mara moja, Nyakahanga kwa walio karibu nayo, Isingiro kwa walio Kyerwa, au kituo cha afya kilicho jirani. Mtoto mwenye pumu iliyotunzwa aweza kukimbia; asikatazwe michezo kwa hofu tu, ila dawa iwe mfukoni mwa mwalimu, wala si nyumbani sandukuni.

Au huenda damu yake imepungua. Malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura, na chakula cha ndizi peke yake bila maharage, mboga wala nyama, humpunguzia mtoto damu kidogo kidogo, naye huzoea, na wazazi huzoea pia. Damu ndiyo ichukuayo oksijeni. Ikiwa chembe zake nyekundu ni chache, hata mapafu yakijaa hewa tele, ya pua au ya kinywa, mzigo hauna mchukuzi. Tazameni ndani ya kope la chini na viganja vya mikono: vikiwa vyeupe kuliko vya ndugu zake, apelekwe akapimwe damu. Na yule ambaye moyo wampiga vibaya, au midomo yake hugeuka rangi, au huanguka akikimbia, asirudishwe uwanjani hata mganga amwone.

Tena yuko mtoto avutaye kwa kinywa hata akiwa amelala, akikoroma, na asubuhi ana usingizi darasani. Huyu hakosi adabu. Pua yake imeziba. Mara nyingi ni mafua yasiyokwisha, au moshi wa mafiga katika jiko lisilo na dirisha ambamo watoto hulala, au ni zile nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na daktari aweza kuziona na kuzitibu. Kwa mafua ya kawaida chemsheni maji, yapoe, mtie chumvi kidogo pungufu ya nusu ya kijiko cha chai katika kikombe kimoja, mkamdondoshee puani. Msitie samli, wala mafuta ya taa, wala maji ya majani yo yote.

Na kimeo msikate. Twalisema kwa ukali kwa sababu bado lafanyika katika nchi yetu: mtoto akikohoa au akihema kwa shida, wazee huona kile kinyama kining'iniacho kooni, wakasema ndicho kiletacho ugonjwa, wakamwita mtu wa kukikata. Kinyama hicho ni kiungo cha kawaida, kila mtu anacho. Kukikata hakuponyi kikohozi wala pumu wala pua iliyoziba. Huleta damu isiyozuilika, na pepopunda, na usaha kooni, na watoto wamekufa kwa ajili hiyo. Bibi akisisitiza, mjibuni kwa heshima yote iliyompasa, lakini mtoto asipelekwe.

Imebaki habari ndogo ya hatua. Watu wawili wa Marekani, Bramble na Carrier, waliandika mwaka 1983 kwamba mnyama wa miguu minne akikimbia kwa kasi hufungwa na mwendo wake: kila mruko mmoja, pumzi moja. Mtazameni mbwa. Mtu, kwa kuwa asimama kwa miguu miwili, ameachiliwa kifungo hicho; aweza kuvuta pumzi moja kwa hatua nne au kwa tano, au kwa nyingine, kadiri apendavyo. Kwa hiyo mwalimu apigaye mluzi na kuwahesabia watoto wote pumzi kwa hesabu moja anafanya kazi ya bure. Miguu yao hailingani, wala vifua vyao. Yatosha kumwambia mtoto atoe hewa yote nje, maana wengi huvuta kwa juu juu bila kutoa, kisha hushangaa kwamba haiingii. Na atumie tumbo zaidi ya mabega.

Na akifika mwisho, akainama na kushika magoti yake kwa mikono, msimwinue kwa nguvu mkimwambia asimame wima kama askari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa wasichana 20 wachezao kandanda huko Marekani ulionyesha kwamba waliopumzika wakiwa wameinama hivyo, mioyo yao ilitulia upesi kuliko walipoweka mikono kichwani. Mwacheni ahemee kinywani mpaka atulie, kisha atembee kidogo, kisha apewe maji. Na kinywa kitafumba chenyewe.